Kuni, Misitu na Kura: Wangari Maathai Kama Mgombea

Mhadhara wa wazi uliotolewa Nyeri mbele ya walimu, wanafunzi, wanachama wa vyama vya misitu na wananchi

  

Nimeombwa nizungumze kuhusu Profesa Wangari Maathai. Kumzungumzia hapa Nyeri ni mzigo, maana katika ukumbi huu wapo waliopanda miche pamoja naye, wapo waliompigia kura, na wapo waliomnyima. Kwa hiyo sitarudia wasifu wake. Mnajua alizaliwa Ihithe mwaka 1940, mnajua shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, lilianza mwaka 1977, na mnajua alivyopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani huko Oslo mwezi Desemba 2004. Leo nataka tumtazame kwa upande ambao vitabu vya shule huupita haraka: Wangari aliyesimama mbele ya wapiga kura akaomba kazi.

Mwaka 1982 aliacha kazi Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo wa huku kwetu. Akaambiwa kuna kasoro katika kujiandikisha kwake kama mpiga kura, akazuiwa. Na aliporudi chuoni akakuta mlango umefungwa. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya Liberal Party of Kenya, pamoja na ubunge wa Tetu, akashindwa kote kuwili. Mwaka 2002 watu wa Tetu wakampa asilimia 98 ya kura zao. Mwaka 2007 watu hao hao wakamwondoa.

Kusudi langu ni kuuliza misimamo yake kuhusu misitu na nishati ilifanya nini katika safari hiyo, na tuichukue vipi sisi tunaoelekea uchaguzi wa 2027, ambapo kila mgombea atakuja na mche mkononi. Nitakalolitetea ni hili: msimamo wa mgombea kuhusu mazingira hauonekani katika kile anachoahidi kupanda. Unaonekana katika kile anachoahidi kuzuia, na katika ujasiri wa kuwaambia wanaozuiwa kabla hawajapiga kura.

Hoja ya kwanza: ahadi ya kupanda miti haina mpinzani

Hoja hii ni fupi. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 69, inaitaka Serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Tathmini ya kitaifa iliyotolewa baadaye ilionyesha kwamba mwaka 2021 miti ilikuwa imefunika asilimia 12.13. Mwishoni mwa 2022 Serikali ikatangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, lengo likiwa asilimia 30. Tarehe 13 Novemba 2023 ikawa sikukuu ya taifa ya kupanda miti. Nani alipinga? Hakuna. Mimi mwenyewe nilipanda siku ile, na wengi wenu mlipanda.

Lakini mwaka huo huo, mwezi Julai, Rais alitangaza huko Molo kwamba katazo la kukata miti katika misitu ya umma, lililokuwapo tangu Februari 2018, limeondolewa. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wenye viwanda vya mbao walishangilia, na walikuwa na sababu, kwa kuwa vijana walipoteza kazi na miti iliyokomaa ilikuwa ikiozea katika mashamba ya Serikali. Watetezi wa misitu walikwenda mahakamani, nao walikuwa na sababu, kwa kuwa walikumbuka jinsi leseni za kukata misonobari zilivyotumiwa zamani kuingia katika msitu wa asili. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua msimamo wa Serikali juu ya misitu, Julai inakufundisha zaidi kuliko Novemba.

Wangari alipanda miti mingi. Vikundi vyake vilikuwa vimepita miti milioni 30 alipopewa Nobeli. Hata hivyo hakuwahi kufukuzwa katika ofisi, kutukanwa bungeni wala kupigwa marungu kwa sababu ya kupanda. Yote hayo yalimpata kwa sababu ya kuzuia. Nitafika huko.

Hoja ya pili: nishati aliyoizungumzia ilikuwa ya jikoni

Mgombea wa leo akitamka neno nishati, mawazo yake yanakwenda kwenye mvuke wa Olkaria, mitambo ya upepo ya Turkana yenye uwezo wa megawati 310, na paneli za jua. Ni kweli, nchi hii ina jambo la kujivunia: karibu asilimia 90 ya umeme wake hautokani na mafuta wala makaa ya mawe. Mwezi Septemba 2023, viongozi wa Afrika walipokutana Nairobi kwa mkutano wa tabianchi, jambo hilo lilitajwa kwa fahari.

Sasa twende jikoni. Sensa ya 2019 iligundua kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupika kwa kuni. Ukiongeza zinazopika kwa makaa, unafika kwenye theluthi mbili. Kwa hiyo nishati kubwa ya nchi hii, ile inayogusa tumbo la kila mtu, haipiti kwenye nyaya. Inabebwa mgongoni na mwanamke, ukanda ukiwa kwenye paji la uso.

Wangari alianzia hapo. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake, aliwasikia wanawake wa mashambani wakieleza shida zao: hakuna kuni, maji si safi, chakula hakitoshi. Yeye aliyesomea elimu ya viumbe aliona kwamba shida hizo tatu zilikuwa moja. Kina mama mnanielewa upesi kuliko maprofesa. Githeri inataka moto wa saa tatu, na maharagwe makavu yakiwa ya zamani inataka zaidi. Mama asiye na kuni za saa tatu hapiki githeri. Anachemsha chai, ananunua mkate, au anapika uji mwepesi. Watoto wanashiba jioni ile, lakini baada ya miezi michache nywele zinakuwa nyekundu na mashavu yanavimba. Daktari anaandika utapiamlo. Wangari aliandika kuni.

Juzi nilikaa katika jiko la mama mmoja huku juu karibu na mpaka wa msitu wa Aberdare. Alikuwa na mafiga matatu, sufuria nyeusi, na rundo la matawi ya mkaratusi yaliyokuwa bado mabichi kwa ndani. Kila alipopuliza, moshi ulirudi machoni mwake. Pembeni palikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6, umefunikwa kitambaa kisafi, na juu yake ameweka chupa ya chai. Nikamuuliza mbona hautumii. Akasema anautumia wageni wakija, au mtoto akiugua usiku. Kuujaza tena ni pesa za mkupuo, na pesa za majani chai huja kwa mwezi. Kuni hutafutwa leo kwa ajili ya leo.

Ndugu zangu, sera yote ya nishati ya nchi hii ilikuwa imekaa pale chini ya kile kitambaa. Mwezi Julai 2021 gesi ya kupikia iliwekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka 2022, mwaka wa uchaguzi, kodi ikapunguzwa hadi asilimia 8. Mwaka 2023 ikaondolewa. Yule mama hakualikwa katika kikao chochote kilichoamua mambo hayo, lakini kila mara maamuzi yalifika jikoni kwake, na kila mara akaamua upya kati ya mtungi na mkaratusi. Mgombea anayesema atalinda Aberdare huku akinyamaza juu ya kodi ya gesi hajazungumza juu ya Aberdare bado.

Na usidhani kuni na umeme ni mambo mawili mbalimbali. Gura na Chania zinashuka kutoka msitu huu, zinaingia Sagana, na Sagana ndiyo Tana. Kwenye Tana kuna Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mwaka 2000 ukame ulipokausha mabwawa, nchi nzima iligawiwa umeme kwa zamu, viwanda vikasimama. Wangari alikuwa akilisema hili kwenye mikutano ya hadhara: msitu ukifa juu, taa inazimika chini. Siku hizi mvuke umetupunguzia hatari hiyo, lakini maji ya Nairobi bado yanatoka Ndakaini, na Ndakaini inanywa kutoka msitu huu huu.

Hoja ya tatu: aliligeuza suala la miti kuwa suala la sahihi

Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Humo zingekaa ofisi za chama na za gazeti la Kenya Times, na pangekuwa na sanamu ya Rais Moi. Wangari aliandika barua: kwa Serikali, kwa mashirika ya kimataifa, hata kwa Balozi wa Uingereza, maana mshirika wa mradi alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa London. Aliwauliza Waingereza kama wangekubali jumba kama hilo lijengwe Hyde Park. Wabunge walimkasirikia, wakamkejeli kwa kuachwa na mumewe, na Green Belt Movement ikatolewa katika ofisi yake ya Serikali.

Akaenda mahakamani. Na hapa naomba wanafunzi wa sheria wasogee karibu kidogo. Desemba 1989 Mahakama Kuu ilimwambia hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha amepata hasara gani yeye binafsi kutokana na jengo hilo. Bustani ni ya umma, yeye ni mtu mmoja, basi arudi nyumbani. Maana yake ni kwamba mali ya wote ilikuwa haina wa kuitetea. Jengo lenyewe halikujengwa, kwa sababu wafadhili waliingiwa na hofu. Uzio ukaondolewa mwaka 1992. Lakini mlango wa mahakama ulibaki umefungwa.

Tusonge hadi 1998, msitu wa Karura. Ilikuja kujulikana kwamba vipande vya msitu vimegawiwa watu wenye uhusiano na wakubwa. Wangari na wenzake wakaenda na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walinzi wa kukodiwa waliwashambulia, yeye akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi, akaandikisha malalamiko, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Kati ya Uhuru Park na Karura ndipo inapoangukia kampeni yake ya urais ya 1997, na bila kuiweka hapo huielewi. Watu wengi walimshangaa: mtu wa miti anautafutia nini urais? Jibu lake lilikuwa wazi. Mche unapandwa na mama wa Tetu kwa malipo ya senti chache ukishika. Msitu unaondoka kwa sahihi moja ya waziri au kamishna wa ardhi. Ukitaka kulinda kazi ya mikono ya kina mama elfu kumi, lazima ufike kwenye ile kalamu. Kwa hiyo alifanya kampeni juu ya utawala, juu ya ardhi ya umma, na juu ya upinzani kuungana, jambo alilolihubiri tangu 1992 wakati wapinzani walipogawanyika na Moi akapita kwa kura chache kuliko jumla ya zao.

Alishindwa vibaya. Aliingia katika kinyang'anyiro mwezi Novemba tu, hakuwa na pesa, hakuwa na chama chenye mizizi, na siku chache kabla ya kura ilienea habari kwamba amejiondoa. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kampeni ile ilikuwa kupoteza wakati. Someni Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Ni jibu la moja kwa moja kwa hukumu ya 1989. Kwa mlango huo wananchi wa Lamu waliweza kupigana na mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na mwezi Juni 2019 baraza la mazingira likafuta leseni yake. Kura alizokosa Wangari mwaka 1997 hazikuufungua mlango huo, lakini hoja aliyoibeba ndiyo iliyoufungua.

Hoja ya nne: msimamo unapimwa nyumbani

Mpaka hapa mnanipigia makofi, na nashukuru. Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo si wote mtakaoifurahia.

Kumpinga tajiri anayenyakua Karura ni ujasiri mkubwa, lakini ni ujasiri ambao wapiga kura wa kawaida wanaupenda. Jaribio gumu zaidi lilikuja baada ya 2002, Wangari alipokuwa mbunge wa Tetu na Waziri Msaidizi wa Mazingira na Maliasili katika Serikali ya NARC. Jaribio hilo liliitwa mfumo wa shamba.

Wazee mnaujua. Vijana, huu ni mpango wa tangu enzi za ukoloni ambapo Idara ya Misitu ilimpa mkulima kipande cha msitu uliokatwa. Mkulima alilima viazi, mahindi na kabeji, akapanda na kupalilia miche ya saipresi na misonobari katikati ya mazao. Baada ya miaka kama mitatu miti inafunga kivuli, mkulima anahamia kipande kingine. Kwenye karatasi kila mtu anafaidi: Serikali inapata miti bila mshahara, mkulima asiye na ardhi anapata chakula.

Kwa vitendo mambo yaliharibika. Mche ukikua, shamba linakwisha. Kwa hiyo walikuwapo waliohakikisha mche haukui. Mzizi unakatwa kidogo kwa jembe chini ya udongo, jani linanyauka, anayepita anadhani ni ukame. Walikuwapo pia maofisa waliouza vipande kwa watu wa mjini waliolimisha kwa vibarua. Na Wangari alikuwa na hoja ya kina kuliko hiyo: hata mfumo ukifuatwa sawasawa, unachozaa ni mashamba ya mbao za kigeni mahali palipokuwa na msitu wa asili, na msonobari haushiki maji kama mugumo na wenzake. Alikumbuka mama yake akimkataza kuokota kuni za mugumo, na kijito kilichotiririka karibu na mti ule.

Serikali ikawaondoa wakulima misituni, na Wangari akasimama na uamuzi huo hadharani. Hakuusema Nairobi akaunyamazia Tetu. Hilo namheshimia bila masharti yoyote. Lakini tujiulize waliondolewa nani. Wengi wao walikuwa wapiga kura wa Nyeri na Nyandarua, watu wa eka robo au wasio na eka kabisa, jamaa za waliopoteza ardhi wakati wa hali ya hatari na hawakurudishiwa baada ya uhuru. Walikuwa wamemchagua kwa asilimia 98. Walipouliza watalima wapi, jibu la Serikali lilichelewa. Sheria ya Misitu ya 2005 ilianza kutumika mwaka 2007, ikaunda Huduma ya Misitu na kuvipa vyama vya wananchi nafasi ya kushiriki. Kilimo cha kati ya miche kikarudi kwa jina jipya na masharti mapya. Lakini kati ya kuondolewa na kurudishwa kulikuwa na misimu kadhaa ya viazi isiyovunwa, na familia hazisahau msimu wa njaa.

Naamini Wangari alikuwa sahihi kuhusu msitu na Serikali yake ilikosea kuhusu watu. Kuzuia bila kumpa anayezuiwa njia nyingine, siku ile ile na si baada ya miaka mitatu, ni kuuacha msimamo mzuri uchukiwe. Mwaka 2007 alikosa tiketi ya chama cha PNU katika mchujo, akasimama kwa chama chake kidogo cha Mazingira, akaangushwa. Sababu zilikuwa nyingi: mawimbi ya siasa za kitaifa, malalamiko kwamba baada ya Nobeli alikuwa safarini kuliko nyumbani, na msimamo wake wa kumkosoa Rais Kibaki hadharani katika eneo lililompenda Kibaki. Lakini mtu akiniambia viazi havikuwamo katika hesabu ile, nitamwomba akae na wakulima wa kandokando ya msitu kwa jioni moja.

Hakuwa peke yake. Raila Odinga, akiwa Waziri Mkuu, alisimamia mpango wa kuokoa msitu wa Mau, chanzo cha mito inayokwenda Ziwa Victoria, Nakuru na Natron. Watu walipoanza kuondolewa mwaka 2009, siasa za Bonde la Ufa zikamgeukia, na ile Mau ikamfuata katika kampeni zilizokuja. Charity Ngilu, mwanamke mwingine aliyegombea urais mwaka 1997 pamoja na Wangari, alipokuwa Gavana wa Kitui alipiga marufuku, Januari 2018, usafirishaji wa makaa na mchanga kutoka kaunti yake. Miti ya Kitui ilikuwa inamalizwa ili Nairobi na Kiambu wapike, kwa hiyo alikuwa na hoja. Lakini lori lilichomwa moto barabarani, kaunti zikanuniana, na mchoma makaa wa Mutomo akabaki na tanuri lisilo na mnunuzi. Baada ya uchaguzi wa 2022, Naibu wa Rais wa wakati huo alipotangaza kwamba mfumo wa shamba utarudi, mjadala wa 2003 ulifufuka neno kwa neno, kana kwamba karibu miaka 20 haikupita.

Mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Mzee, najua utaniuliza: basi mgombea afanye nini, asizuie? Azuie. Lakini aje na mambo mawili kwa mkono mmoja. Akisema hakuna kulima msituni, aseme mkulima atapata nini, kutoka bajeti ipi, kuanzia msimu upi. Akisema hakuna makaa, aseme mtungi utajazwa kwa bei gani na mchoma makaa atafanya kazi gani. Mgombea asiyeweza kumalizia sentensi hiyo bado hajafikiri, hata kama moyo wake ni mwema.

Hoja ya tano: kila kiti kina sehemu yake

Tumezoea kumuuliza mgombea urais peke yake habari za misitu. Nyongeza ya Nne ya Katiba imezipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi katika maeneo yao pamoja na udhibiti wa nishati, na utekelezaji wa sera za misitu na hifadhi ya udongo na maji. Kwa hiyo mgombea ugavana akikuambia gesi ni mambo ya Nairobi, mwombe aisome nyongeza hiyo. Mwakilishi wadi ndiye anayepitisha bajeti ya vitalu vya kaunti na ya majiko ya shule za chekechea, ambako uji hupikwa kwa kuni kila asubuhi.

Na mbunge? Mwishoni mwa 2021, miezi michache kabla ya uchaguzi, Bunge lililetewa muswada wa kuondoa kipengele kinachotaka maombi ya kubadilisha mipaka ya msitu yapitiwe kwanza na Huduma ya Misitu kabla ya kufika bungeni. Wananchi walipiga kelele, muswada ukakwama. Ilikuwa ni ile kalamu ya 1997, ikitafuta mkono mwingine. Wakumbukeni waliouunga mkono. Baadhi watakuja na miche.

Tunakoelekea

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kabla ya hapo kutakuwa na mchujo, na katika maeneo kama yetu mchujo mara nyingi ndio uchaguzi wenyewe. Napendekeza tuanze sasa, tusingoje magari ya vipaza sauti.

Vyama vya misitu, vikundi vya miche, walimu na makanisa waketi pamoja waandike maswali machache kwa Kiswahili na kwa Gikuyu, yapelekwe kwa kila anayetangaza nia. Mimi ningeanza na haya. Utafanya nini muswada wa kupunguza msitu ukiletwa mbele yako, na uko tayari kusema hivyo kwa maandishi leo? Kodi ya gesi ya kupikia utaipigia kura gani Muswada wa Fedha utakapokuja? Shule za eneo hili zinapika kwa kuni kutoka wapi, na utazibadilishia majiko mangapi kila mwaka? Wanaolima msituni kwa utaratibu wa sasa, nani anakagua miche inayoshika, na matokeo yanabandikwa wapi? Nani atakayekosa kitu kutokana na mpango wako, na umeshazungumza naye?

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ambalo wagombea hulikimbia. Majibu yabandikwe sokoni na nje ya ofisi ya chifu, jina na sahihi zikiwa chini. Wasiojibu, majina yao yabandikwe pia na nafasi tupu pembeni. Wanafunzi wa hapa wanaweza kuifanya kazi hiyo katika likizo mbili, na nimeshazungumza na walimu wao. Mwaka unaofuata uchaguzi warudi na karatasi zile zile, waulize tena.

 Najua kuna wanaotaka kunijibu kuhusu viazi. Naomba tuanze na kina mama wa miche, kwa kuwa wana gari la kuwahi.